Printa yenye faksi na matundu ya simu ukutani: Mwongozo wa kuunganisha bila kuunguza mashine

Printa yenye faksi huunganishwa na ukuta kwa nyaya mbili: wa umeme na wa simu. Watu wengi huwa waangalifu na ule wa kwanza na kuudharau wa pili, kwa kuwa plagi ya simu ni ndogo, ya plastiki, na huingia karibu kila tundu lenye sura ya mraba. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Matundu mawili yanayofanana kabisa yanaweza kuwa na laini tofauti nyuma yake. Moja litapeleka hati hadi upande wa pili wa mpaka. Jingine litaunguza modemu ya printa kabla ya karatasi ya kwanza kupita.

Kwa wakala wa forodha au msafirishaji, modemu ikiungua gharama haiishii kwa fundi. Lori linalosubiri hati huendelea kuhesabiwa siku za maegesho, dereva huendelea kula posho, na mwenye mzigo huendelea kupiga simu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitambua laini kabla ya kuchomeka chochote, waya gani utumike kwenye tundu gani, na dalili za kuangalia mashine inapogoma. Unawahusu zaidi wenye ofisi pande mbili za mpaka, wanaohamisha mashine kutoka nchi moja kwenda nyingine, na wanaonunua mashine zilizokwisha kutumika Dubai, Japani au Ulaya.

Faksi inabaki wapi

Shughuli nyingi za forodha katika Afrika Mashariki zimehamia kwenye kompyuta. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005 na baadaye ikaubadilisha kwa iCMS. Tanzania ilileta TANCIS mwaka 2014. Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia ASYCUDA World, ambayo upande wa wanaozungumza Kifaransa huitwa Sydonia. Tamko la forodha halitumwi tena kwa faksi.

Hata hivyo, biashara ya mpakani haina forodha peke yake. Kuna benki, kampuni za bima, mawakala wa meli na wauzaji wa nje wenye taratibu zao, na baadhi yao bado huomba au hutuma karatasi yenye saini kwa faksi. Japani, wanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, ni mfano mzuri. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilipotaka wizara zake ziachane na faksi, idara nyingi zilipinga.

Sababu nyingine ni akiba ya dharura. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za ukanda huu. Siku kama hiyo, ofisi yenye laini ya simu inayofanya kazi hubaki na njia ya pili ya kujaribu. Lakini njia hiyo ina faida tu iwapo mashine imeunganishwa sawasawa na imekwisha kujaribiwa kabla ya siku ya shida.

Umeme uliomo ndani ya laini ya simu

Laini ya kawaida ya simu ya mezani, yaani ya analogi, ina waya mbili za shaba zinazotoka kwenye kituo cha simu. Simu ikiwa imetulia, kati ya waya hizo mbili kuna umeme wa moja kwa moja wa takriban volti 48. Simu inapoita, kituo huongeza umeme wa kupishana unaoweza kufika volti 75 hadi 90. Mkono wa simu ukinyanyuliwa, volti hushuka hadi chini ya 15. Modemu iliyo ndani ya printa imetengenezwa kwa ajili ya mabadiliko hayo tu. Ikipewa kitu kingine, ama haitasikia chochote, ama itaharibika.

Volti za kuita zinatosha kumshtua mtu. Kwa sababu hiyo tundu la simu lisifunguliwe kwa mikono mitupu laini ikiwa hai, wala waya usishikwe kwenye ncha iliyochunwa. Mikono iliyolowa au sakafu yenye maji huzidisha hatari.

Aina tano za laini zinazoweza kuwa nyuma ya tundu

Kabla ya kuangalia sura ya tundu, swali la kwanza ni hili: laini iliyo nyuma yake ni ya aina gani?

1. Laini ya analogi ya kampuni ya simu. Hii ndiyo laini ya faksi. Ikichomekwa simu ya mezani ya bei rahisi, isiyo na skrini wala kadi ya simu, itatoa mlio wa laini na itapiga namba. Laini za shaba zimepungua sana kadiri kampuni za simu zinavyohamia kwenye nyaya za kioo na minara, kwa hiyo tundu la zamani ukutani linaweza kuwa limekufa kabisa.

2. Laini ya swichibodi ya dijitali. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Hupatikana hotelini, kwenye majengo makubwa ya ofisi, na kwenye bohari zenye simu nyingi za ndani. Tundu lake linaweza kuwa lilelile dogo la kawaida, lakini umeme wake umepangwa kwa simu maalumu za swichibodi hiyo, na mkondo unaopita unaweza kuwa mkubwa kuliko modemu ya printa inavyostahimili. Simu iliyopo mezani ikiwa na skrini, vitufe vingi vya laini na jina la mtengenezaji wa swichibodi, inafaa kudhaniwa kuwa ni ya dijitali hadi mhusika athibitishe vinginevyo. Kumpima kwa mita hakutoshi, kwa kuwa laini ya dijitali nayo inaweza kuonyesha volti zinazokaribiana na za analogi. Aombwe msimamizi wa swichibodi atoe laini ya ndani ya analogi. Swichibodi nyingi zina nafasi chache za namna hiyo kwa ajili ya faksi na mashine za kadi za benki.

3. Tundu la simu kwenye ruta ya intaneti. Ruta nyingi za nyaya za kioo zina tundu moja au mawili yenye alama ya simu au neno PHONE au TEL. Ndani yake sauti hugeuzwa kuwa vipande vya intaneti. Kwa umeme, tundu hili ni salama kwa printa, kwa kuwa limetengenezwa liige laini ya analogi. Tatizo lake ni usafi wa mawasiliano, kama itakavyoelezwa chini. Tena, umeme ukikatika na ruta ikazima, laini nayo inakufa.

4. Simu ya mezani ya kadi. Baadhi ya vifaa vinavyotumia kadi ya simu za mkononi vina tundu la kuchomekea simu ya kawaida, na hutoa mlio wa laini kama kawaida. Faksi nyingi hufeli hapo, kwa kuwa mtandao wa simu za mkononi hubana sauti ya binadamu kwa njia inayovuruga milio ya faksi. Mashine haitaungua, lakini hati haitafika.

5. Tundu la mtandao wa kompyuta. Majengo mapya huwekewa matundu ya aina moja, yenye pini 8, kwa simu na kompyuta pamoja. Plagi ndogo ya simu huingia ndani ya tundu hilo. Kwenye jengo moja, tundu namba 3 linaweza kuwa limeunganishwa na simu na namba 4 na kompyuta. Baadhi ya antena za intaneti za kwenye paa hulishwa umeme wa volti 24 au 48 kupitia waya huohuo wa mtandao, bila kifaa cha kuchunguza kilichochomekwa upande wa pili. Kosa la kinyume nalo lina hasara yake: waya wa kompyuta ukichomekwa kwenye laini ya simu, volti za kuita zinaweza kuharibu kadi ya mtandao.

Kama hakuna anayejua tundu linaelekea wapi, lisitumike. Fundi wa jengo aufuate waya hadi kwenye paneli na kuandika alama kwenye tundu. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu, na huokoa mashine zote zitakazofuata.

Sura za matundu na plagi

RJ11. Ni plagi ndogo ya plastiki angavu yenye ulimi wa kubofya. Ina nafasi sita, na kwa kawaida ni pini mbili au nne tu zinazotiwa shaba. Laini hupita kwenye jozi ya katikati. Matundu ya nyuma ya printa nyingi za faksi ni ya aina hii.

RJ45. Ni pana zaidi, ina pini 8, na ndiyo ya kompyuta. Kama laini ya analogi imepelekwa kwenye tundu la RJ45, plagi ya RJ11 itafanya kazi, kwa kuwa jozi ya katikati ya zote mbili hukutana. Hata hivyo, kuta za plagi ndogo zinaweza kukunja pini za pembeni za tundu kubwa, na siku tundu hilo litakapohitajika kwa kompyuta halitashika vizuri. Ni bora kutumia waya uliofungwa plagi ya RJ45 upande wa ukutani na RJ11 upande wa printa.

Tundu la Kiingereza, BS 6312. Plagi yake ni bapa, yenye ulimi wa kubofya ubavuni badala ya katikati. Uingereza ilianza kuitumia mwaka 1981, na hukutwa katika nchi zilizofuata utaratibu wake, zikiwamo za Ghuba. Mashine iliyonunuliwa Dubai au Muscat inaweza kuja na waya wa namna hii, na majengo ya zamani ya Kenya na Tanzania nayo yanaweza kuwa na matundu hayo.

Tundu la Kifaransa na la Kibelgiji. Mashine iliyotoka Ufaransa huweza kuja na plagi ndefu yenye umbo la herufi T, na iliyotoka Ubelgiji na plagi nene ya pini. Anayepokea mzigo wa namna hiyo Bukavu, Goma au Bujumbura asikate waya na kuunga kwa kubahatisha. Upande wa printa karibu siku zote ni RJ11, kwa hiyo kinachobadilishwa ni waya tu.

Waya unaoonekana sawa lakini si sawa

Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Kwenye RJ11 laini iko kwenye jozi ya katikati. Kwenye plagi ya Kiingereza iko kwenye pini za nje, namba 2 na 5. Kwa hiyo kuna nyaya za aina mbili zenye plagi ya Kiingereza upande mmoja na RJ11 upande mwingine. Wa kwanza huunganisha pini moja kwa moja na umetengenezwa kwa simu za mezani. Wa pili huzihamisha pini za nje ziende katikati, na umetengenezwa kwa modemu na faksi. Kwa macho haujulikani upi ni upi. Ukichomekwa ule wa simu, printa itaandika kuwa hakuna mlio wa laini, ilhali simu iliyo pembeni inapiga bila shida.

Kanuni rahisi ni kutumia waya uliokuja ndani ya boksi la printa. Watengenezaji kadhaa hutahadharisha kuwa waya wao ni tofauti na nyaya za simu za kawaida, na kwamba faksi inaweza kugoma ukitumika mwingine. Kama tundu la ukutani ni la sura nyingine, inunuliwe adapta ya kuweka ukutani, na waya wa boksi ubaki. Kama waya umepotea, muuzaji aambiwe wazi kuwa unatakiwa wa faksi au modemu.

Unene nao una maana. Vitabu vya mashine nyingi huelekeza waya usiwe mwembamba kuliko namba 26 ya kipimo cha AWG, yaani uzi wa shaba wa karibu milimita 0.4. Waya mwembamba zaidi unaweza kushika moto iwapo umeme mkubwa utaingia kwenye laini, kwa mfano waya wa umeme wa barabarani unapoangukia waya wa simu.

Simu ya Kiingereza ina jambo lake jingine. Mlio wake wa kuita huletwa na waya wa tatu, unaotengenezwa ndani ya tundu kuu la Kiingereza. Simu hiyo ikipachikwa adapta rahisi na kuchomekwa kwenye tundu la RJ11, itapiga na kusikika vizuri lakini haitaita. Mwenye ofisi anaweza kudhani laini ni mbovu, kumbe adapta haina kapasita.

Umeme wa ukutani, ethi na radi

Mashine zinazovuka mipaka hukutana na umeme tofauti. Kenya na Uganda hutumia volti 240, Tanzania na Rwanda 230, Burundi na Kongo 220. Tofauti hizo ni ndogo na printa za kisasa huzistahimili. Hatari iko kwenye mashine ya mtumba iliyotoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, ambako ni 120. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kuchomeka. Kikisema 100–240V, hakuna shida. Kikisema 100V au 120V pekee, inahitajika transfoma.

Plagi nazo hubadilika. Kenya, Uganda na Tanzania zina plagi ya pini tatu bapa, wakati Rwanda, Burundi na Kongo zina matundu ya pini za duara. Wengi hununua adapta ya pini mbili na kuendelea na kazi. Adapta hiyo hukata waya wa ethi. Printa ya leza, na kifaa chochote cha kukinga umeme wa ghafla, hutegemea ethi ili kupeleka umeme wa ziada ardhini. Bila ethi, kifaa cha kukinga hubaki pambo.

Ukanda huu una radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Uchunguzi wa kisayansi kwa setilaiti, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa Kabare, karibu na Bukavu, hupata zaidi ya mimweko 200 ya radi kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Hakuna mahali pengine Afrika panapoifikia, na duniani ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake lililozidi. Pwani na visiwa vya Ziwa Victoria navyo vinajulikana kwa ngurumo.

Printa yenye faksi ina milango miwili ya radi: waya wa umeme na waya wa simu uliopita juu ya nguzo. Kuzima swichi hakufungi mlango wowote kati ya hiyo. Kifaa cha kukinga kinachonunuliwa kiwe na njia zote mbili, matundu ya umeme pamoja na tundu la kuingiza na kutoa waya wa simu. Hata hivyo, radi ikipiga karibu hakuna kifaa cha dukani kinachotoa uhakika. Kinga ya kweli ni kuchomoa nyaya zote mbili mawingu yanapokusanyika, na kila jioni ofisi inapofungwa wakati wa masika na vuli. Ngurumo zikishaanza, mtu asisogelee waya wa simu kwenda kuuchomoa. Ni heri mashine iungue kuliko mtu.

Hatua za kuunganisha

1. Hakikisha laini ni ya analogi, au ni tundu la simu la ruta. Jaribu kwanza na simu rahisi ya mezani: sikiliza mlio, piga namba, kisha upigiwe.

2. Weka printa mahali pakavu, mbali na dirisha na maji.

3. Chomeka umeme kwanza kwenye tundu lenye ethi, printa ikiwa imezimwa. Waya wa simu hufuata baadaye. Wakati wa kuhamisha mashine, mpangilio hugeuka: waya wa simu hutoka kwanza, umeme mwisho.

4. Nyuma ya printa kuna matundu mawili. Lenye neno LINE, au alama ya ukuta, ndilo la laini inayotoka nje. Lenye neno EXT au TEL ni la simu ya mezani itakayotumia laini hiyohiyo, na mara nyingi limefunikwa kizibo cheupe cha kuondoa. Yakichanganywa, faksi haitapokea.

5. Kama laini hiyo ya shaba inabeba pia intaneti ya ADSL, weka kichujio kati ya ukuta na printa. ADSL hupita kwenye masafa ya juu kuliko sauti, na bila kichujio hati zitafika zikiwa na mistari au simu itakatika katikati. Modemu ya ADSL yenyewe haipitishwi kwenye kichujio cha simu.

6. Usirundike vifaa. Simu tatu, mashine ya kurekodi ujumbe na faksi juu ya laini moja hugawana nguvu ya kuita, na mwishowe hakuna kitakachoita.

7. Washa printa, kisha itume ukurasa mmoja kwa mtu anayesubiri upande wa pili, naye akurudishie mmoja.

Mipangilio ya ndani

Mashine iliyohamishwa kutoka nchi nyingine huwa bado imepangwa kwa nchi ilikotoka. Mpangilio wa nchi huathiri namna inavyoutambua mlio wa laini, mlio wa kuwa simu inatumika, na namna ya kuita. Ubadilishwe kabla ya jaribio la kwanza. Kama nchi husika haimo kwenye orodha, jaribu iliyo na utaratibu unaokaribiana nayo.

Upigaji uwekwe kwenye milio, si kwenye mapigo, isipokuwa kituo cha simu ni cha zamani sana. Kwenye swichibodi, tarakimu ya kutokea nje, kwa kawaida 0 au 9, ifuatiwe na pumziko kabla ya namba yenyewe. Bila pumziko hilo tarakimu za mwanzo humezwa.

Namba za mpakani zinahitaji uangalifu. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia 000 kupiga nje ya nchi, wakati Rwanda, Burundi na Kongo hutumia 00. Namba zilizohifadhiwa kwenye printa iliyokuwa Kigali hazitafanya kazi ikihamia Kampala hadi ziandikwe upya. Misimbo ya nchi ni 254 kwa Kenya, 255 Tanzania, 256 Uganda, 250 Rwanda, 257 Burundi, 243 Kongo na 211 Sudan Kusini.

Kwa laini inayopita kwenye ruta, kasi ipunguzwe. Faksi mpya hujaribu kasi ya biti 33,600 kwa sekunde, na za kawaida 14,400. Kwenye intaneti ni salama kuanza na 9,600. Kampuni ya simu iulizwe kama inatoa T.38, utaratibu uliotungwa mwaka 1998 mahsusi kwa faksi kupitia intaneti. Mafundi wengine hushauri pia kuzima ECM, yaani njia ya mashine kuomba irudishiwe mistari iliyoharibika. Hilo hufanya simu isikatike, lakini lina bei yake: mstari ulioharibika hautarudiwa. Kwenye barua si neno. Kwenye ankara, tarakimu moja iliyofutika katika namba ya kontena au kiasi cha fedha ni ugomvi. ECM ikizimwa, namba zote muhimu zithibitishwe kwa simu.

Dalili na mahali pa kuangalia

Hakuna mlio wa laini, lakini simu ya mezani inafanya kazi: waya si wa faksi, au umechomekwa EXT badala ya LINE.

Inatuma lakini haipokei: idadi ya miito imewekwa juu mno, kuna mashine nyingine inayopokea kabla yake, au vifaa ni vingi kwenye laini moja.

Inapokea lakini haitumi: angalia tarakimu ya kutokea nje, pumziko, na 000 au 00.

Inaanza kisha inakata katikati ya ukurasa: ADSL haina kichujio, au laini inapita kwenye ruta au kwenye simu ya kadi. Punguza kasi.

Inachapa na kunakili vizuri lakini faksi imekufa kabisa baada ya kuhamishiwa jengo jipya au baada ya mvua ya ngurumo: huenda modemu imeungua. Usiihamishie tundu jingine kubahatisha. Ipimwe kwenye laini ya analogi inayojulikana kuwa nzima, na tundu la awali lichunguzwe kabla mashine nyingine haijachomekwa hapo.

Ripoti ya kutuma

Printa karibu zote za faksi zinaweza kuchapa ripoti baada ya kila hati: namba iliyopigwa, saa, idadi ya kurasa na matokeo. Mpangilio huo uwashwe, na saa ya mashine irekebishwe kulingana na nchi ilipo, kwani Kenya, Uganda na Tanzania ziko saa moja mbele ya Rwanda na Burundi. Ripoti yenye saa isiyo sahihi haisaidii pale wakala na mwenye mzigo wanapobishana nani alichelewa.

Ripoti inaonyesha kuwa mashine ya upande wa pili ilipokea kurasa. Haionyeshi kuwa zilisomeka, wala kuwa zilimfikia mhusika. Na nakala ya faksi inabaki kuwa nakala. Chini ya kanuni za UCP 600, zinazotumiwa na benki tangu mwaka 2007 katika barua za dhamana ya malipo, angalau nakala moja halisi ya kila hati inayotakiwa lazima iwasilishwe. Hati ya shehena iliyotumwa kwa faksi humwezesha wakala kuanza maandalizi mapema, lakini ile halisi lazima iendelee na safari yake kwa njia ya kawaida.